Mbunge Afapo, Kiti Huwa cha Nani?

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaosoma maneno haya katika kitabu, katika mazungumzo ya leo twataka kueleza jambo moja la utawala ambalo wengi hulisikia likitajwa, lakini si wote waliopata kuelezwa maana yake. Jambo hilo ni uchaguzi mdogo.

Uchaguzi mkuu wajulikana. Nchi nzima hupiga kura, na Bunge zima huchaguliwa upya. Uchaguzi mdogo ni wa jimbo moja tu, nao hufanywa wakati kiti kimoja kinapobaki wazi kabla ya muda wa Bunge kwisha. Huenda mbunge amejiuzulu, au amepoteza haki ya kukaa katika kiti hicho, au amefariki dunia. Leo twaitazama sababu hii ya mwisho.

Mwenye shamba akifa, shamba huwa la warithi wake. Mfalme akifa, mrithi wake hushika kiti cha enzi. Je, mbunge akifa, mrithi wake ni nani? Si mjane wake, wala si mwanawe, wala si chama chake. Kiti cha Bunge ni amana. Watu walimkabidhi mtu mmoja ili awashikie kwa muda, na mshika amana akiondoka, amana hurudi kwa wenyewe. Ili jambo hili lieleweke vema, tutasimulia habari za jimbo moja la Wales liitwalo Carmarthen, ambalo katika muda wa miaka 10 liliwazika wabunge wawili, na kila mara watu wake wakampa kiti mtu wa chama kingine.

JINSI KITI KINAVYOJAZWA

Kwanza tueleze utaratibu wenyewe kama ulivyo Uingereza. Mbunge anapofariki, kiti hakijazwi kwa barua ya waziri wala kwa agizo la kiongozi wa chama. Hoja hutolewa katika Bunge lenyewe, na kwa desturi mwenye kuitoa ni mnadhimu wa chama kilichokuwa na kiti hicho, yaani yule mbunge anayewasimamia wenzake wa chama ili wahudhurie na kupiga kura. Hoja ikikubaliwa, Spika huagiza amri ya uchaguzi itolewe, nayo hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo lile. Tangu mwaka 1973 imekuwa desturi kwamba hoja hiyo itolewe kabla ya miezi 3 kupita, ili watu wasikae muda mrefu bila msemaji.

Baada ya hapo wagombea hujiandikisha. Katika miaka tunayoisimulia, kila mgombea alihitaji wapiga kura 10 wa jimbo watie sahihi zao kwa ajili yake, tena aliweka dhamana ya paundi 150. Asiyepata walau sehemu moja ya nane ya kura zote alipoteza fedha hizo. Sharti hilo liliwekwa ili watu wasigombee kwa mzaha. Siku ya kura, kila mtu hupewa karatasi moja, huingia mahali pa faragha, hutia alama mbele ya jina alipendalo, kisha huitumbukiza karatasi ndani ya sanduku. Kura ya siri ni sheria huko tangu mwaka 1872. Bwana shamba hawezi kujua mfanyakazi wake amemchagua nani, wala mume hawezi kujua ya mkewe.

Mwisho kura huhesabiwa, na mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake ndiye mshindi. Hahitaji kupata zaidi ya nusu ya kura zote. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, kwa maana tutalihitaji mbele.

KITI KILICHOHAMA MARA MBILI

Wales ni nchi ndogo yenye milima, upande wa magharibi wa Uingereza. Watu wake wana lugha yao, Kiwelisi, ambayo haifanani na Kiingereza hata kidogo. Mji wa Carmarthen, uitwao Caerfyrddin kwa Kiwelisi, uko kando ya mto Tywi, na wilaya inayouzunguka yasifika kwa malisho na ng'ombe wa maziwa.

Tangu mwaka 1945 jimbo hili lilikuwa na mbunge wa chama cha Liberal, Sir Rhys Hopkin Morris. Sisi tunaohusika na redio twapenda kutaja kwamba kabla ya hapo alikuwa mkuu wa shirika la utangazaji la BBC katika Wales. Alifariki mwezi wa Novemba 1956, na uchaguzi mdogo ukafanywa tarehe 28 Februari 1957.

Mshindi alikuwa Bibi Megan Lloyd George, binti wa David Lloyd George aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 Bibi Megan alikuwa mwanamke wa kwanza wa Wales kuingia Bungeni, naye alikaa huko kwa miaka 22 katika chama cha baba yake, cha Liberal. Mwaka 1955 alihamia chama cha Labour. Basi alipogombea Carmarthen alishindana na chama kile kile kilichomlea, akakishinda kwa kura 3,069. Liberal walikuwa wameshika kiti hicho kwa zaidi ya miaka 11, lakini marehemu wao hakuwaachia urithi.

Bibi Megan aliwatumikia watu wa Carmarthen hadi alipougua. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 31 Machi 1966 hali yake ilikuwa mbaya hata hakuweza kuzunguka jimboni kuomba kura, na hata hivyo alishinda kwa wingi wa kura 9,233. Majuma sita baadaye, tarehe 14 Mei 1966, akafariki.

SIKU YA TAREHE 14 JULAI 1966

Wengi walidhani kwamba Labour watakirudisha kiti bila taabu. Chama hicho ndicho kilichokuwa kikitawala nchi. Waziri Mkuu, Harold Wilson, alikuwa ametoka kushinda uchaguzi mkuu, na katika Bunge la watu 630 alikuwa na viti zaidi ya 90 kuliko vyama vingine vyote vikiwekwa pamoja. Mgombea aliyesimamishwa na Labour, Gwilym Prys-Davies, alikuwa wakili mwenye kuheshimiwa, tena Mwelisi msema Kiwelisi.

Miongoni mwa walioshindana naye alikuwamo Gwynfor Evans, mwenye umri wa miaka 53, rais wa chama cha Plaid Cymru, maana yake Chama cha Wales. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1925 ili kuitetea lugha ya Wales na kuipatia nchi hiyo utawala wake, lakini kwa miaka 41 hakikupata kushinda kiti hata kimoja cha Bunge. Evans alizaliwa katika mji wa Barry, katika nyumba iliyosema Kiingereza, akajifunza Kiwelisi alipokuwa kijana. Alisoma sheria, lakini aliishi kwa kulima bustani ya mboga na nyanya huko Llangadog, tena alikuwa diwani wa wilaya. Katika uchaguzi wa Machi alikuwa wa tatu.

Hizi hapa ndizo hesabu. Twawaomba wanafunzi wazitazame kwa makini.

Machi 1966: Labour 21,221, Liberal 11,988, Plaid Cymru 7,416, Conservative 5,338.

Julai 1966: Plaid Cymru 16,179, Labour 13,743, Liberal 8,650, Conservative 2,934.

Ukijumlisha, kura zilizopigwa Machi ni 45,963, na za Julai ni 41,506. Kwa hiyo watu 4,457 walipungua. Labour walipoteza kura 7,478, Liberal 3,338 na Conservative 2,404, na Plaid Cymru wakaongeza 8,763. Aliyekuwa wa tatu akawa wa kwanza kwa wingi wa kura 2,436, na Conservative, kwa kuwa hawakufikia sehemu moja ya nane, wakapoteza paundi zao 150. Matokeo yalitangazwa mjini Carmarthen usiku wa kuamkia tarehe 15, mbele ya umati wa watu.

Sasa kumbukeni lile tulilosema juu ya nusu. Evans alipata kura 39 hivi katika kila 100. Yaani katika kila watu 100 waliopiga kura, 61 walimtaka mtu mwingine, ila walitawanyika katika makundi matatu. Wako wasemao kwamba utaratibu huu si wa haki, na wako wasemao kwamba ni mwepesi na waeleweka na kila mtu. Sisi twasema tu kwamba yampasa mpiga kura aujue kabla ya kuingia katika chumba cha kura, ili asije akashangaa baadaye.

KWA NINI WALIGEUKA?

Huenda mtu akauliza: Watu wale wale, katika jimbo lile lile, waligeukaje katika muda wa miezi mitatu na nusu? Sababu zilikuwa nyingi, nasi tutazitaja zilizo kubwa.

Ya kwanza yatokana na tabia ya uchaguzi mdogo wenyewe. Katika uchaguzi mkuu, mtu hujiuliza: Nani aitawale nchi? Kwa hiyo hata asiyeridhika na chama chake hukichagua, asije akamsaidia mpinzani. Lakini katika uchaguzi mdogo Serikali iko tayari, na kiti kimoja hakiwezi kuiangusha iliyo na wingi kama ule. Hapo mpiga kura huwa huru kujiuliza swali lingine: Tuna neno gani la kuiambia Serikali? Wakati ule nchi ilikuwa na shida za fedha, na mabaharia walikuwa wamegoma tangu katikati ya Mei hadi mwanzo wa Julai. Watu wa Carmarthen walikuwa na neno la kusema, na nafasi ya kulisema ikawafikia.

Ya pili ni habari ya maji. Katika kaskazini ya Wales palikuwa na kijiji kiitwacho Capel Celyn, katika bonde la Tryweryn, ambapo watu walisema Kiwelisi. Mji wa Liverpool, ulioko Uingereza yenyewe, ulitaka maji, ukaomba ruhusa ya Bunge kulizuia bonde lile kwa ukuta na kuligeuza ziwa. Sheria ikapita mwaka 1957, ingawa hakuna hata mbunge mmoja wa Wales aliyeipigia kura ya ndiyo. Mwaka 1965 ziwa likafunguliwa. Nyumba, shule na kanisa vilikuwa vimekwisha kuzama. Si ajabu basi kwamba wengi walijiuliza: Wabunge wetu wote wakikataa, na jambo likafanyika vivyo hivyo, sauti yetu ina kazi gani?

Ya tatu ni lugha. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1911, watu 43 au 44 katika kila 100 huko Wales walijua Kiwelisi. Mwaka 1961 walibaki 26 tu. Mwezi wa Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis alitoa mazungumzo katika redio ya BBC juu ya mwisho wa lugha hiyo, akionya kwamba itakufa watu wake wasipofanya jitihada. Mwaka ule ule vijana wakaanzisha chama cha kuitetea lugha. Mazungumzo yale katika redio yaliwaamsha watu, nasi twalitaja jambo hili si kwa kujisifu, bali ili wanaoisikiliza redio wajue kwamba neno linenwalo hewani laweza kuota mizizi ardhini.

Wala tusidhani kwamba waliokuwa vyama vingine hawakuipenda Wales. Bibi Megan mwenyewe, miaka michache kabla ya kuingia Carmarthen, aliongoza juhudi za kuipatia Wales Bunge lake, na watu karibu robo milioni walitia sahihi. Labour nao ndio waliomweka Waziri wa kwanza wa Wales mwenye cheo cha Secretary of State, mwaka 1964. Gwynfor Evans hakuianza safari hiyo peke yake. Aliwakuta wengine wamekwisha kupita njia ile.

MTU MMOJA KATI YA 630

Je, mtu mmoja aliweza kufanya nini? Alipofika Bungeni, Evans aliomba kula kiapo chake kwa Kiwelisi. Alikataliwa, akaapa kwa Kiingereza. Kisha akaanza kuwauliza mawaziri maswali, mamia kwa mamia: juu ya barabara, shule, reli, kazi na fedha za Wales. Sheria hazikugeuka kwa sababu ya kura yake moja, lakini majibu yaliandikwa, na yaliyoandikwa yakasomwa.

Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya lugha ya Kiwelisi, iliyompa mtu haki ya kusema Kiwelisi katika mahakama za Wales. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeileta, kwa kuwa ilikuwa imependekezwa kabla hajachaguliwa. Lakini vyama vikubwa vilianza kuogopa. Mbunge wa Labour wa Rhondda West alifariki mwaka 1966, na katika uchaguzi mdogo wa mwaka 1967 wingi wa chama hicho ukashuka kutoka kura 16,888 hadi 2,306. Mwaka 1968 ikawa vivyo hivyo huko Caerphilly, baada ya mbunge mwingine kufariki, na wingi ukabaki 1,874. Plaid Cymru hawakushinda popote kati ya hapo pawili, lakini Serikali iliyapokea maonyo. Haikupita miaka mingi, tume ikawekwa kuchunguza namna ya kuzitawala Wales na Scotland.

KURA TATU

Asiwepo mtu wa kudhani kwamba Evans alikipata kiti kile kwa maisha. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1970 Labour walikirudisha, kwa mkono wa Gwynoro Jones. Katika uchaguzi wa Februari 1974 wawili hao walikutana tena. Jones alipata kura 17,165, na Evans 17,162. Tofauti ni kura 3.

Tuisimamie hesabu hiyo kidogo. Watu zaidi ya 34,000 waliwapigia kura wawili hawa, na jambo likaamuliwa na watu watatu, ambao wangeweza kukaa katika kibao kimoja cha darasa. Ni wangapi siku ile waliobaki nyumbani kwa sababu ya baridi, au kwa kudhani kwamba kura moja si kitu? Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule uchaguzi ukafanywa tena, na Evans akashinda kwa kura 3,640. Mwaka 1979 akashindwa tena, wala hakurudi Bungeni.

Hata hivyo kazi yake haikwisha. Mwaka 1979 Serikali iliacha ahadi yake ya kuwapa Wawelisi kituo cha televisheni cha lugha yao. Evans, asiyekuwa na kiti wala cheo serikalini, alitangaza mwaka 1980 kwamba kuanzia mwezi wa Oktoba hatakula chakula mpaka ahadi itimizwe, hata kama ni kufa. Mwezi wa Septemba, kabla siku yenyewe haijafika, Serikali ilikubali, na kituo kikaanza tarehe 1 Novemba 1982. Aliishi hadi mwaka 2005, akafa mzee wa miaka 92.

Mwaka 1997 watu wa Wales waliulizwa kwa kura kama wataka baraza lao la kutunga mambo. Usiku kucha waliokataa walikuwa mbele. Matokeo ya mwisho kabisa yalitoka wilaya ya Carmarthenshire, nayo ndiyo yaliyoinamisha mizani. Waliokubali wakashinda kwa kura 6,721 katika kura zaidi ya milioni moja. Baraza hilo lilianza mwaka 1999.

NASI JE?

Utaratibu huu wa uchaguzi mdogo si mgeni kwetu. Tanzania waujua, na Kenya waujua. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kwamba kiti cha Bunge cha jimbo kikibaki wazi, uchaguzi mdogo ufanywe katika siku 90, isipokuwa uchaguzi mkuu umekaribia kwa miezi 3. Kwa hiyo habari za Carmarthen zaweza kutufaa.

Mbunge akifariki, hapana budi kwanza tumlilie na kumzika kwa heshima. Halafu mara nyingi husikika maneno: Kiti hiki ni cha ukoo fulani, au, Kiti hiki ni cha chama fulani, tusiwavunjie heshima wafiwa. Mtoto wa marehemu aweza kuwa mgombea mzuri, na chama cha marehemu chaweza kuwa na mtu bora kuliko wote. Wala hapana ubaya kuwachagua. Lakini wachaguliwe kwa kuwa wanafaa, si kwa kuwa wanadai. Kumheshimu marehemu ni jambo moja, na kuikabidhi amana yetu ni jambo jingine.

Tena msiseme, Serikali iko tayari, uchaguzi huu wa jimbo moja haugeuzi kitu. Watu wa Carmarthen wangeweza kusema hivyo, nao wangekuwa wamesema kweli nusu. Kura yao haikuiangusha Serikali. Lakini iliilazimisha isikilize.

Basi siku msimamizi wa uchaguzi atakapofungua milango katika jimbo lenu kwa ajili ya kiti kimoja tu, nendeni. Mkiwa na mzee asiyeweza kutembea mbali, msaidieni kufika. Na wanafunzi ambao umri wenu bado, wakumbusheni wazazi wenu habari ya zile kura tatu.